Sanduku la Makosa

Nyumbani kwetu tunaishi watu watatu, na kati ya hao watatu mtu pekee ambaye wivu haujawahi kumgusa ni mimi. Silisemi hili kwa kujisifu. Nalisema kama mtu anavyotaja kundi lake la damu: ndivyo nilivyo, nifanyeje? Wengine walipewa kimo, wengine sauti, mimi nikapewa moyo mweupe. Kwa hiyo leo mmepata msimulizi asiye na upande, na yote nitakayosema juu ya kaka yangu na mkewe mnaweza kuyameza bila maji.

Kaka ni fundi wa maabara katika hospitali kubwa ya mji wetu. Amekaa kwenye darubini miaka kumi na minne, hata akikusalimia unaona anataka kufumba jicho moja. Hospitalini wanamwita Bwana Darubini. Mkewe, shemeji yangu, ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mimi nipo masjala, ambako kazi yangu ni kutafuta mafaili ya wagonjwa na kuwaeleza wagonjwa kwa nini hayapatikani. Wananiita Redio, kwa sababu mtakazozigundua wenyewe. Asubuhi tunatoka mlango mmoja, tunaingia lango moja, na jioni tunarudi kwenye meza moja. Binti yao yuko shule ya bweni, kwa hiyo hata mtu wa kutupatanisha hatuna.

Maneno yalianza siku Wizara ilipotangaza kwamba kila hospitali itakaguliwa ili ipate ithibati. Wakaguzi watakuja na kitabu cha vigezo kinene kama tofali, watapita kila chumba wakitoa alama. Hospitali itakayofikisha alama itapewa cheti. Isiyofikisha, mfuko wa bima utaacha kuilipa, chumba cha upasuaji kitafungwa, na wafanyakazi watagawanywa kwenye zahanati za mbali kama mali ya marehemu. Ikatakiwa apatikane mratibu wa ubora wa kuiandaa hospitali nzima.

Kila mtu alijua ni nani. Kaka alikuwa amehudhuria mafunzo mawili ya ubora, na vyeti vyake amevitundika sebuleni, kimoja kila upande wa saa ya ukutani. Ukitaka kujua ni saa ngapi lazima kwanza ujue yeye ni nani. Wiki ile alinunua tai. Hakusema ya nini, nasi hatukuuliza.

Kwenye kikao cha asubuhi Daktari Mkuu akafungua karatasi, akasoma jina la shemeji yangu.

Watu walipiga makofi huku shingo zimegeuka kumtazama kaka. Kaka naye alipiga makofi. Alipiga vizuri kabisa, taratibu, kama mtu anayeua mbu kwa adabu.

*

"Hongera, Mratibu," kaka alisema jioni ile mezani.

"Niite mke wako, inatosha."

"Aa, hapana. Cheo ni cheo. Nisogezee chumvi, Mratibu."

Shemeji akamsogezea. "Sikukiomba, baba. Daktari Mkuu aliniita ofisini, akaniambia nimeteuliwa. Ningemkatalia?"

"Nani kasema ungekataa?" Kaka alinyunyizia chumvi chakula ambacho tayari kilikuwa na chumvi. "Mimi nimesema hongera. Siku hizi hongera nayo ina kasoro?"

Nikatupia mzaha mmoja wa kuwapoza, kwamba sasa hata kitanda chao itabidi kikaguliwe, miguu yake ihesabiwe na kuandikiwa ripoti. Shemeji alicheka. Zamani alikuwa akicheka vichekesho vyangu mpaka anashika ubavu. Alinipokea katika nyumba hii nikiwa na mkoba mmoja na cheti cha kidato cha nne chenye alama za kusikitisha, akanitafutia ile kazi ya masjala, akawa ananiita mdogo wangu, siyo shemeji. Jioni ile alicheka kidogo tu, kisha akafungua kitabu cha vigezo kando ya sahani, akaanza kusoma huku anatafuna.

Wiki iliyofuata alipewa chumba, na chumba kikahitaji karani. Karani wa ofisi ya ubora anapata meza ya dirishani, kompyuta, na kiti chenye magurudumu. Masjala tulikuwa makarani wawili: mimi, na msichana mmoja tunayemwita Kimya, ambaye akisema maneno kumi kwa siku basi hiyo siku ana homa. Shemeji akamchagua Kimya.

"Usinielewe vibaya, mdogo wangu," aliniambia kwenye korido. "Watu wataandika makosa yao na kuyaleta pale. Ni mambo ya siri. Wewe ungekuwa umeshayasimulia kabla ya saa nne ya chai."

"Shemeji, wewe! Mimi?" Nikacheka. Nilicheka sana, mpaka macho yakaniuma. Watu walidhani nimeumia. Niumie kwa sababu ya kiti? Kile kiti nilikikalia mara moja tu, Kimya alipokwenda kula, nikazunguka nacho mara tatu, nne hivi, nikaona hakina maana. Kinapiga kelele.

*

Mwenye kuumia alikuwa kaka, na ushahidi ninao.

Shemeji alianza ukaguzi wake mwenyewe, idara kwa idara, Kimya nyuma yake na kalamu. Walipofika maabara, mimi nilikuwa nimepeleka majibu yaliyopotea njia, nikabaki mlangoni. Kaka alikuwa na wanafunzi wanne wa mazoezi, anawaonyesha damu kwenye kioo. Shemeji alisalimia kwa heshima zote. Akafungua jokofu la dawa za kupimia. Katikati ya chupa za dawa palikuwa na chupa ya soda ya machungwa, imenywewa nusu.

Akaitazama. Akatoa karatasi nyekundu, akaandika, akaibandika kwenye mlango wa jokofu.

"Unaandika nini?" kaka aliuliza.

"Kasoro."

"Kasoro ya nani?"

"Hatuandiki ya nani," shemeji akajibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwafundishia kina mama kunyonyesha. "Tunaandika ni nini."

Mwanafunzi mmoja akakohoa, kile kikohozi chenye kicheko ndani. Kaka alitoa ile soda, ambayo mimi najua ilikuwa ya mwanafunzi na siyo yake, akaimwaga kwenye sinki mpaka tone la mwisho huku akimtazama mkewe. Siku hiyo hakurudi nasi. Alikuja nyumbani peke yake, akaondoa vyeti vyake viwili ukutani, akavitia chini ya kochi. Saa ikabaki peke yake pale, kama jino.

*

Sasa tufike kwenye sanduku.

Katika kile kitabu kinene kuna kigezo kinachosema hospitali lazima iwe na utaratibu wa kuripoti matukio: dawa iliyotolewa kimakosa, mgonjwa aliyeanguka, sampuli iliyochanganywa. Shemeji alitengenezesha sanduku la mbao lenye tundu, akalitundika kwenye korido ya katikati, iliyo wazi upande mmoja, na kando yake fomu na kalamu iliyofungwa uzi. Aliitisha mkutano kuueleza utaratibu. Hakuna jina, hakuna lawama. Alieleza na mengine mengi, lakini mimi nilikuwa nyuma naigiza mwendo wa Daktari Mkuu kwa ombi la watu wa famasia, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo ilinipita.

Wiki ya kwanza sanduku lilifunguliwa, ndani mkakutwa ganda la pipi. Wiki ya pili, hata ganda hakuna.

"Hospitali nzima haina kosa hata moja," kaka alisema mezani. "Tunapaswa kupewa ithibati leo leo."

Shemeji aliweka kijiko chini. "Watu wanaogopa. Wanadhani nitawashitaki."

"Wanakujua."

Shemeji akasukuma sahani pembeni. Halafu, sijui ni uchovu au ni hamu ya kumpa mumewe kitu, akamsimulia jambo. Aliinamisha kichwa akasema polepole. Miezi mitatu nyuma, kabla ya uteuzi, walizaliwa watoto wawili wa kike wakipishana dakika chache, naye alikuwa peke yake zamu. Kila mtoto hufungwa utepe mkononi wenye jina la mama. Yeye alizifunga zile tepe zimebadilishana. Watoto walikaa dakika kumi kwenye mikono isiyo yao. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kunyonyesha. Shemeji aligundua alipolinganisha uzito, akawarudisha, akadanganya kwamba anakwenda kuwapima tena. Hakuna aliyejua.

"Kila nikifumba macho naziona zile dakika kumi," alisema.

Kaka alimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uteuzi. "Imeshapita," akamwambia. "Usimwambie mtu."

Mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi, muziki masikioni. Msiniulize nimejuaje. Muziki nao huwa unakwisha.

*

Wiki ya tatu sanduku likaanza kupata karatasi.

Ya kwanza ilisema hivi: "Mratibu wa Ubora ametoka kitanda cha tatu akaenda cha nne bila kunawa mikono, kisha akamfokea muuguzi mdogo kwa kutonawa." Ya pili: "Mratibu wa Ubora amefunga mlango wa dharura kwa kuegesha meza ya mafunzo yake ya mlango wa dharura." Ya tatu ilihusu kitambulisho chake cha kifuani, ambacho alikigeuza nyuma mbele siku nzima, hata mgonjwa mmoja akasoma mgongo wake na kumwita Namba ya Simu. Ziliandikwa kwa herufi kubwa, na siwezi kuficha kwamba ziliandikwa vizuri. Zilikuwa na ladha. Mtu alikaa akazifikiria.

Kimya alifungua sanduku, akasoma, akampa shemeji bila neno. Shemeji alisoma akiwa amesimama pale pale koridoni. Uso wake ulimshuka kama pazia lililokatika kamba. Akakunja zile karatasi, akaingia ofisini.

Ungetegemea azichane. Mimi ningezichana, kama zingekuwa zinanihusu. Yeye aliziandika kwenye daftari la matukio, moja moja, na mbele ya kila moja akaandika alichofanya: meza imeondolewa, kitambulisho kimetobolewa pande mbili, chupa ya dawa ya mikono imetundikwa kila kitanda. Akabandika nakala ukutani ili kila mtu asome. Yeye mwenyewe akaanza kunawa mikono mara nyingi hata ngozi ikapasuka. Jioni alikuwa akichukua uma kwa ncha za vidole, kwa maumivu.

"Kuna mtu ananichukia," alisema mezani.

"Siyo kukuchukia," kaka alijibu, akitazama sahani. "Anatekeleza kigezo."

Zilikuja nyingine, mpaka zikafika tano. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo sikulitegemea, yaani, ambalo hakuna aliyelitegemea. Watu walisoma ule ukuta. Wakaona bosi kaandikwa, na hakuna aliyetafutwa, hakuna aliyeitwa ofisini, na shida yenyewe imetengenezwa. Mtu wa famasia akaandika kwamba alitoa vidonge vya mgonjwa mmoja kwa mwingine kwa sababu mafaili yanafanana rangi. Mfagizi akaandika kwamba ndoo ya chooni na ya wodini ni moja, na kwamba amelisema hilo miaka sita. Fundi wa umeme, mpishi, hata daktari mmoja mwenye majivuno. Kimya akawa anafungua sanduku kwa mikono miwili. Alikuwa anaimba. Kimya, anaimba! Nilipita dirishani nikamwona anazunguka na kile kiti.

Siku iliyofuata ikaingia karatasi ya sita.

*

Siku nne kabla ya wakaguzi kufika, shemeji alirudi nyumbani mapema. Tulipoingia, mimi na kaka, tulimkuta ameketi mezani bila kuvua viatu. Mbele yake palikuwa na karatasi moja.

"Soma," akamwambia kaka.

Kaka akasoma. Ilikuwa na mistari miwili tu. "Mratibu wa Ubora, akiwa muuguzi wa zamu, alibadilisha tepe za watoto wawili wa kike kwa dakika kumi. Hakuandika popote, aliwadanganya wazazi."

"Nilikuambia wewe peke yako," shemeji alisema.

"Siyo mimi niliyeandika hii."

"Nani basi? Ukuta? Mama zao hawakujua. Wodi nzima haikujua. Nilikusimulia wewe, kwenye kiti hichohicho, hata ukanishika mkono. Ulikuwa unanishika mkono ili nisikie joto, au ili nisitoroke kabla hujamaliza kukariri?"

"Nimesema siyo mimi."

"Basi ni nani? Redio alikuwa amelala."

Kaka aliinua macho. Kwa bahati mbaya yalitua kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yake. Yakakaa hapo muda.

"Ndiyo," akasema. "Redio alikuwa amelala."

"Fofofo," nikasema mimi. Nilitaka kusaidia.

Shemeji akainuka. Aliongea bila kupaza sauti, na ndiyo maana hata jirani hakusikia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ungeniambia tu. Ungesema, mke wangu, kile cheo kilikuwa changu, kinaniuma. Ningekwenda kwa Daktari Mkuu nikakirudisha. Lakini wewe umekwenda kuniandikia. Kwa herufi kubwa, kama mtoto."

"Ichane," kaka alisema. "Hakuna anayejua. Mwambie Kimya anyamaze, na hiyo ndiyo kazi anayoiweza. Wakaguzi wakiiona hii watakuvua uuguzi. Watakupeleka kwenye baraza la wauguzi. Ichane, nakuomba."

"Uiandike wewe, na nichane mimi?"

Akachukua mto na shuka zake, akahamia chumba cha binti. Kesho yake asubuhi alimpelekea Daktari Mkuu ile karatasi. Akaiingiza kwenye daftari kama zile nyingine, na pembeni, pale ambapo hapatakiwi jina, akaandika jina lake kamili na kutia sahihi. Halafu akatafuta namba za wale mama wawili, akawaita, akawaeleza mwenyewe. Mmoja alilia. Mwingine alimtukana dakika nzima, naye akasikiliza hadi mwisho kwa mikono iliyokunjwa. Daktari Mkuu alimwambia asubiri. Wakaguzi ndio watakaosema kama anabaki na kazi.

Siku tatu zile nyumba yetu ilikuwa ya adabu kupita kiasi. "Samahani, naomba kupita." "Tafadhali, pita." Nilijaribu vichekesho vyangu vyote. Hata nikamwigiza mgonjwa anayetafuta faili lake tangu kuzaliwa, kichekesho ambacho hakijawahi kushindwa. Walitafuna tu. Nilikuwa nakula haraka nakwenda kulala, na usingizi wenyewe haukuwa unakuja, labda kwa sababu ya joto.

*

Wakaguzi walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mfupi mwenye viatu visivyo na sauti. Hivyo viatu vilitutesa. Ulikuwa unageuka, yuko nyuma yako, anauliza. Masjala aliniuliza nikiona moshi nifanye nini. Nikamwambia kwanza nitahakikisha si Daktari Mkuu anayefikiri. Aliandika kitu. Hakucheka.

Siku ya tatu saa nane mchana wafanyakazi wote walikusanywa ukumbini kusikia matokeo. Shemeji alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka. Kaka alikaa mstari wa mwisho, na mimi karibu naye. Yule mama alisoma alama idara kwa idara. Usafi, wastani. Famasia, wastani. Masjala, na hapa alinyanyua macho, chini ya wastani. Halafu akashika daftari la matukio.

"Nimekagua hospitali nyingi," alisema. "Nyingi hunionyesha daftari tupu, zinajisifu hazina makosa. Hizo tunazipa sifuri, kwa sababu daftari tupu maana yake ni watu wenye woga. Hapa nimekuta matukio arobaini na moja. Kila moja limejibiwa. Mratibu wenu aliwaeleza hilo siku ya kwanza, nimeona kwenye muhtasari wa mkutano: sanduku likijaa, alama zinapanda."

Nilihisi masikio yangu yanapata moto.

"Na nimekuta jambo ambalo sijaliona kwingine," akaendelea. "Karatasi sita zinamhusu mratibu mwenyewe. Hakuzificha. Tano za kwanza ndizo zilizofungua milango ya wengine. Ya sita ni kosa zito, na ameliwekea jina lake. Tangu juzi wodi ya wazazi ina utaratibu mpya: utepe haufungwi mpaka watu wawili wamesoma jina kwa sauti mbele ya mama. Atapewa onyo la maandishi, kwa sababu alidanganya. Lakini hospitali imefikisha alama, na imefikisha kwa daftari hili."

Ukumbi ulilipuka. Watu wakasimama, wakapanda viti. Kimya alipiga kigelegele ambacho sikujua kifua kile kinaweza kukibeba.

"Na huyo aliyeziandika zile za kwanza," yule mama alisema walipotulia, "popote alipo, hospitali hii ina deni naye."

Jamani. Mtu unasifiwa mbele ya hospitali nzima, na huwezi kuinua mkono. Namaanisha, huyo mtu, yeyote yule, hawezi kuinua mkono. Nilimtazama shemeji akikumbatiwa na kila mtu, mikono yake iliyopasuka ikishikwa na kushikwa, na Kimya ameegemea bega lake kama ndiye mdogo wake wa kuzaliwa. Nikasema nasikia kichefuchefu cha joto, nikatoka.

*

Jumamosi mchana shemeji alikuwa anapanga nguo. Wizara ilimtaka akafundishe hospitali nyingine, mikoa mitatu, mwaka mzima. Angeweza kwenda na kurudi kila mwisho wa mwezi. Alimwambia kaka kwamba harudi.

"Siwezi kulala na mtu ambaye kila nikifungua mdomo anatafuta kalamu," alisema, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia.

Kaka alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ngazi ya jikoni, anapiga viatu rangi. Viatu vyenyewe vilishang'aa zamani. Dirisha la chumba cha binti lilikuwa wazi juu yetu, tunasikia sanduku la nguo likiburutwa. Nikaona ni wajibu wangu kama mtu wa familia. Nikaketi ngazi ya chini yake.

"Kaka, nenda kamwombe msamaha yaishe," nikamwambia. "Mwanamke ukimwomba msamaha kwa magoti analainika. Mbona mambo yenyewe yamekwenda vizuri? Hospitali imepita. Hata mkaguzi kashukuru. Mwambie, mke wangu, shetani alinipitia, nikaandika. Basi."

Kaka aliendelea na brashi. "Niliandika nini?"

"Si zile karatasi."

"Ngapi?"

"Sita."

"Ya tatu ilisemaje?"

"Ile ya kitambulisho," nikasema. "Mgonjwa alivyomwita Namba ya..." Kaka alikuwa ameweka kiatu chini.

"Maabara yetu iko juu," alisema. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. "Nikisimama kuosha vioo naiona ile korido yote kwa chini. Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne, saa saba na nusu, watu wamekwenda kula. Ulitazama kulia. Ulitazama kushoto. Ukapangusa mikono kwenye suruali, ukatumbukiza. Hukutazama juu hata siku moja, mdogo wangu. Mara zote sita hukutazama juu."

Ulimi wangu, ambao haujawahi kuninyima kitu, ulilala mdomoni kama soksi.

"Mbona hukumwambia?" nikauliza mwishowe.

"Kwa sababu nilikuwa namwona pia akizisoma." Alijipangusa rangi kwenye kidole kwa kitambaa, pole pole, akirudia pale pale. "Nilihudhuria mafunzo mimi, nilijua zinampa alama. Lakini nilikuwa nasimama pale dirishani namtazama uso unamshuka, na mimi nasikia raha. Nilikuwa naisubiri siku ya kufungua sanduku kama mtu anayesubiri mshahara. Hiyo ya watoto sikujua kama utaiandika. Aliponitupia lawama, nikajua nimeila raha yote na sasa bili imekuja. Nikaona aninyooshee kidole mimi, ni haki yangu. Nusu yake."

Juu, sanduku la nguo liliacha kuburutwa. Hapakuwa na upepo, lakini pazia la chumba cha binti lilitikisika.

"Kaka, mimi nilikuwa natania tu," nikasema. "Unanijua."

"Nakujua." Akasimama, akanishika kwapa, akaninyanyua kama anavyonyanyuliwa mgonjwa anayejifunza kutembea. "Mimi nina langu la kumwambia, na nitamwambia. Lakini lako linaanza. Tangulia ukagonge mlango. Safari hii nitakuangalia nikiwa karibu."